Milio 8, matundu 9: nani aseme sasa mshuke?

Swali. Shikamoo mhandisi. Nasimamia duara moja, yaani shimo la wima la kuchimbia dhahabu, huku Nyarugusu, Geita. Limefika mita 45, na chini lina njia fupi ya pembeni. Tunapiga baruti jioni, matundu 9, tunawasha kwa utambi. Juzi tulihesabu milio 8. Vijana wanataka kushuka baada ya robo saa. Mwenye leseni anasema moshi ukishapotea machoni kazi iendelee. Fundi wa drili yeye anasema tundu lililobaki atalipitia palepale kwa kuwa njia ipo tayari. Nimewazuia wote, ila sasa naanza kuitwa mwoga. Nani yuko sahihi? Halafu, mlipuaji mmoja anaweza kuhudumia maduara matatu kwa jioni moja?

Jibu. Marahaba. Aliye sahihi ni wewe, na shikilia hapohapo.

Tuanze na duara lenyewe, maana nadhani bado limekaa vilevile ulivyoliacha. Mtu asishuke. Ziba mdomo kwa miti au kamba, andika kwa maandishi makubwa kwamba chini kuna baruti ambayo haijalipuka, funga winchi kwa kufuli, ufunguo ukae nao wewe. Weka mlinzi ambaye haondoki mpaka mwenzake afike. Kisha mwite mlipuaji mwenye cheti cha ulipuaji, yuleyule aliyejaza matundu yale, kwa sababu ndiye anayejua kila tundu lilikaa upande gani, lilijazwa kiasi gani na liliwashwa la ngapi. Taarifa ifike pia ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Najua wengi huku kwetu wanaogopa kuipigia ofisi ile wakidhani watafungiwa. Mkaguzi akikuta umefunga duara mwenyewe na umeandika kilichotokea, maongezi yenu yatakuwa tofauti kabisa na yale atakayokuja kuyafanya akiwa amefuatana na polisi na gari la maiti.

Sasa huyo fundi wa drili. Katika yote uliyoandika, maneno yake ndiyo yaliyonitisha zaidi, kwa sababu yanasikika kama ya mtu mwenye akili: mwamba mgumu, njia ipo, kwa nini tuanze upya? Lakini ndani ya njia hiyo kuna fataki, kile kidude kidogo cha kulipulia baruti, na fataki hulipuka kirahisi kwa kishindo kidogo, msuguano au moto. Ncha ya drili inaleta vyote vitatu kwa pamoja. Na anayeshika drili yuko umbali wa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye tundu, hana pa kukimbilia.

Tena onyo hili haliishii kwenye tundu ambalo halikulipuka. Hata lile lililolipuka mara nyingi huacha kitako: mwamba wa mbele umevunjika, ila sentimita kadhaa za mwisho za tundu zimebaki ukutani kama kikombe. Ndani ya kikombe hicho panaweza kubaki kipande cha baruti, hata fataki nzima, kimefunikwa na vumbi. Kwa jicho kinaonekana kitupu. Vijana wanakipenda kwa sababu ncha ya drili haitelezi, inakaa vizuri kuanzia. Weka iwe amri ya duara lako: vitako vyote vinaoshwa kwa maji, vinakaguliwa, vinawekwa alama ya rangi, na tundu jipya halianzi ndani ya kitako wala kuelekea kilipo. Anayekaidi apumzike nyumbani, hata awe fundi bora Geita nzima.

Utauliza, basi lile tundu linaondolewaje? Zipo njia zinazojulikana. Kama nyaya au mrija wa kulipulia bado ni mzima, mlipuaji anaweza kuunganisha upya na kulipua akiwa mbali. Anaweza kuondoa udongo wa kuzibia kwa maji ya mpira usio na chuma, taratibu. Anaweza kuchorongesha tundu jipya sambamba na lile, kwa umbali anaoukadiria kutokana na mwelekeo wa tundu la kwanza, likilipuka livunje na la jirani. Nakutajia ili ujue anachokifanya na umsimamie, si ili ukakifanye wewe. Wala mtu asivute utambi au waya kutoa fataki, wala kuchokonoa kwa mtaimbo au kijiko cha chuma. Wakati hayo yakiendelea, chini wanakuwa wale tu wanaohitajika kwa kazi hiyo. Wabeba mawe wanasubiri juu.

Kuhusu hesabu ya milio. Umefanya vizuri kuhesabu, na kila duara linapaswa kuwa na watu wawili wanaohesabu bila kuambiana. Lakini hesabu ni dalili tu. Milio miwili ikigongana inasikika kama mmoja, kwa hiyo 8 inaweza kuwa 9. Nayo 9 inaweza kuficha kitu, maana tundu linaweza kulia huku nusu ya baruti yake imebaki chini. Ndiyo maana kanuni yangu ni ya upande mmoja: hesabu ikipungua, chukulia kwamba kuna tundu limebaki; hesabu ikitimia, kagua vilevile.

Sasa robo saa ya vijana. Utambi unaweza kuzimika nusu na kuendelea kufukuta polepole. Unyevu umeingia, au ulipindwa ukavunjika unga wa ndani, moto unatambaa kwenye ganda la nje kisha unaukuta tena unga mbele. Tundu mnalodhani limekufa linalipuka wakati mnashuka. Kwa sababu hiyo kanuni za migodi za Marekani zinadai kwamba ikishukiwa tundu halikulipuka, mtu asikaribie kwa dakika 30 kama kimetumika utambi, na dakika 15 kwa fataki za aina nyingine, isipokuwa zile za kielektroniki ambazo nazo ni dakika 30 au zaidi kama mtengenezaji anavyoagiza. Nyinyi mnatumia utambi. Kwa hiyo dakika 30 ni kima cha chini, saa inahesabiwa kuanzia mlio wa mwisho, na saa yenyewe iwe ya mlipuaji, si ya kila mtu na simu yake. Mimi kwa utambi huwa nataka saa nzima.

Lakini dakika hizo ni za kusubiri moto. Hazihusu hewa kabisa, na hapo ndipo mwenye leseni wako anapokosea.

Moshi unaouona ni vumbi na mvuke. Kinachoua zaidi ni kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Tupige hesabu kwa duara kama la kwako. Mita 45 kwenda chini, tuseme mdomo ni mita 1.5 kwa 1.2, njia ya pembeni tuiache. Ndani kuna hewa ya mita za ujazo 81. Kilo moja ya baruti nzuri ya kiwandani, iliyolipuka sawasawa, inaweza kutoa takribani lita 20 za gesi hiyo. Matundu yote yakibeba kilo 4, ni lita 80. Zitawanye ndani ya duara zima na unapata kama sehemu 1,000 katika kila milioni ya hewa. Kiwango kinachokubaliwa Marekani kwa zamu ya saa 8 ni sehemu 50, na wapo wataalamu wanaosema hata hiyo ni nyingi, iwe 25. Kijana anayepiga sululu kwenye hewa ya 1,000 ataanza kuumwa kichwa, miguu itaishiwa nguvu, na akiendelea kukaa atapoteza fahamu. Macho yake yatakuwa yanaona pako safi muda wote huo.

Kuishusha 1,000 mpaka 50 kunadai hewa mpya karibu mara tatu ya ujazo wa duara, yaani kama mita za ujazo 243. Blowa inayosukuma mita za ujazo 10 kwa dakika ingemaliza kwa dakika 25, kama bomba lake linafika chini kabisa na halivuji. Nimeona mabomba ya turubai yanayoishia mita 15 kutoka juu, yamefungwa viraka kama suruali ya fundi gereji. Blowa inanguruma, na chini hewa haijasogea. Kwa hiyo zidisha muda mara mbili, ndipo upime. Na kama hamna blowa, sina dakika za kukupa. Gesi inaweza kulala chini hadi kesho yake, hasa kwenye hiyo njia ya pembeni, na nyingine inakuwa imenaswa ndani ya lundo la mawe, inatoka mnapoanza kupakia. Ndiyo sababu kunyunyizia lundo maji na kuacha blowa ikiendelea wakati wa kupakia si anasa.

Nimesema upime, na kupima si kwa mshumaa. Najua mshumaa umeokoa watu, lakini unachoonyesha ni upungufu wa oksijeni tu, nao hauzimiki mpaka oksijeni ishuke hadi karibu asilimia 16 au 17 kutoka 20.9 ya kawaida. Kwenye kaboni monoksidi ya 1,000 mshumaa unawaka kwa furaha. Kinachotakiwa ni kipima gesi cha mkononi. Kinateremshwa kwanza kwa kamba, kinasomwa, kisha mlipuaji anashuka nacho kikiwa kimewashwa kifuani. Ukikinunua uliza kinapima nini: vingi vya gesi nne vinapima oksijeni, kaboni monoksidi, salfaidi hidrojeni na gesi zinazowaka, ila havigusi naitrojeni dioksidi, ambayo nayo inatoka kwenye baruti.

Hiyo ya mwisho angalau ina rangi. Moshi ukitoka wa rangi ya kutu au chungwa, jueni baruti haikuungua vizuri. Mara nyingi ni maji yameingia kwenye matundu au baruti imekaa stoo kupita muda wake. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Ubaya wake ni kwamba mtu aliyeivuta anakohoa kidogo, anapata nafuu, anakula chakula cha jioni na kulala, kisha usiku au kesho yake mapafu yanajaa maji. Aliyevuta moshi wa rangi hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata akisema yuko fiti, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni moshi wa baruti. Maziwa hayasaidii, wala kwa hii wala kwa kaboni monoksidi. Tiba ya kaboni monoksidi ni oksijeni: kwa hewa ya kawaida damu inachukua saa 4 hadi 5 kutoa nusu tu ya gesi iliyoishika, kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Kuna mambo mawili ambayo hukuuliza, ila nimeyakuta kwenye maduara mengi ya kanda hiyo. Kompresa ya dizeli imewekwa mdomoni mwa duara, upepo ukigeuka moshi wa injini unaingia ndani, au mbaya zaidi kompresa yenyewe inavuta moshi wake na kuupeleka chini kwa mpira mkidhani mnapeleka hewa. Isogezeni, bomba la moshi litazame upepo unakoelekea. La pili ni pampu ya maji ya petroli kushushwa chini ya ardhi. Hiyo haina masharti wala muda wa kusubiri, haishuki kabisa.

Na mtu akianguka chini? Ndugu yake ataruka kumfuata. Mzuieni hata kwa nguvu. Mara nyingi maiti ya pili na ya tatu ni za waokoaji. Mererani, Juni 2002, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa chini ya ardhi katika tukio moja. Pelekeni hewa kwanza, mvuteni kwa kamba kama ameshafungwa mkanda, na anayeshuka awe na vifaa vya kupumulia. Kwa hiyo kila anayeshuka baada ya mlipuko afungwe mkanda na kamba tangu juu. Gharama yake haifiki hata mfuko mmoja wa mawe mazuri.

Nikukumbushe na majirani. Maduara ya Nyarugusu yamekaribiana, na mkishakuwa na mtobozano, yaani duara moja kutokea kwenye jingine chini kwa chini, hata kwa mpasuko tu usiopitisha mtu, gesi yenu inakwenda kwao. Wao hawajui mmelipua saa ngapi. Kubalianeni saa moja ya kulipua kwa eneo zima, king'ora kipigwe, na msimamizi wa kila duara athibitishe kwa mdomo wake kwamba watu wake wametoka. Ukiwa na mashaka kama mmetobozana, wao nao wapime kabla ya kushuka.

Hewa ikishapita, anayetangulia ni mlipuaji na mtu mmoja mzoefu. Wanashuka wakiangusha mawe yaliyolegea kwa mtaimbo, kuanzia palipo salama kwenda mbele, na wanaangalia matimba, kwa kuwa kishindo huzilegeza nguzo bila kuziangusha. Kisha wanakagua uso wa mwamba tundu kwa tundu, halafu lundo. Hapo ndipo mlipuaji anasema shukeni. Mwenye leseni hana sauti kwenye neno hilo, wala wewe huna. Yake yeye peke yake.

Lundo nalo linahitaji macho wakati wote wa kupakia. Kipande cha baruti au fataki iliyorushwa bila kulipuka hujificha kati ya mawe, kinapanda na ndoo, kinaishia kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, au chini ya nyundo ya mama anayeponda mawe huku mtoto amekaa pembeni. Waonyeshe watu wako wa juu fataki tupu iliyokwisha kutumika, waijue sura yake. Atakayeona kitu kama hicho asikiguse, asikitie mfukoni, aite. Kama kuna duka la simu jirani linalonunua nyaya za shaba kwa vijana, liambie pia.

Sasa kuhusu utambi wenyewe. William Bickford alipoubuni huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1831, aliokoa watu wengi, kwani kabla yake walikuwa wakiwashia mabua na manyasi yaliyotiwa unga wa baruti, yanayoungua yanavyotaka. Lakini kwa duara la wima la mita 45 mimi siukubali. Anayewasha matundu 9 anabaki chini huku la kwanza limeshaanza kuungua, na uhai wake unategemea winchi, kamba, na kijana wa juu ambaye labda ameenda kununua vocha. Ombeni mlipuaji wenu ahamie kwenye njia ya kulipua kutoka juu watu wote wakiwa wametoka: mrija wa mshtuko (mrija mwembamba unaopeleka mshtuko hadi kwenye fataki) au nyaya za umeme. Bei inapanda, sikatai. Mkibaki na utambi kwa sasa, kila robota jipya likatwe kipande, kiwashwe juu na kupimwa kwa saa, na urefu upangwe kwa muda wa mtu kuwasha yote, kupanda hadi juu na kufika kwenye maficho, ukiongeza na muda wa winchi kusumbua. Na asiwashe mtu mmoja peke yake.

Mkihamia kwenye nyaya za umeme, simu na redio za upepo zikae mbali na fataki. Radi ni kwa aina zote, utambi na mrija wa mshtuko vikiwemo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na mvua ya Geita inakuja haraka. Ngurumo ikisikika wakati wa kujaza, kazi inasimama hapohapo, watu wote wanatoka na kukaa mbali kama vile mlipuko unakuja, na hakuna kurudi kumalizia tundu moja lililobaki.

Stoo sitaigusa sana kwa leo, ila kwa kuwa tundu lenu moja limegoma, kagueni mlichonacho. Fataki na baruti zinakaa vyumba tofauti na zinabebwa na watu tofauti. Za zamani zinatoka kwanza. Baruti iliyoloa, iliyoganda au inayotoa jasho la mafuta haijazwi wala haitupwi chooni; anaitwa mlipuaji. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inataka kibali na stoo iliyokubaliwa, kwa hiyo ile boksi ya chini ya kitanda, kama ipo, itoke leo.

Mlipuaji mmoja kwa maduara matatu? Kulipua anaweza, kama ni kuwasha na kwenda. Lakini kazi yake haiishii kwenye mlio. Kila duara linamdai kivyake: ajaze mwenyewe, asubiri muda wake, apime hewa, akague, aandike daftari na kutia saini. Kwa mita 45 na blowa ya kawaida, hayo ni zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko kwa kila duara. Akipiga yote matatu saa 12 jioni, mawili yatashukiwa bila yeye. Anaweza kuyapiga yote jioni moja kwa sharti kwamba yote yanafungwa usiku kucha, kisha asubuhi anayafungua moja baada ya jingine, na la tatu linamsubiri hata kama ni saa 5. Mwenye leseni akilalamika kwamba zamu ya asubuhi imekaa bure, mwambie aajiri mlipuaji wa pili, au ampeleke huyo fundi wako wa drili akasomee cheti.